Chokaa ya matumbawe (Mtwara)

Chokaa ya matumbawe ni chokaa ya ujenzi inayopatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe. Katika pwani ya Mtwara na Mikindani imetumika tangu zamani kuungia mawe, kupiga lipu na kupaka kuta.

Matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa mpaka yawe meupe na mepesi. Kinachobaki humwagiwa maji. Huchemka kwa nguvu, kisha husambaratika kuwa unga. Unga huo huunguza macho na ngozi, na mchomaji asiye na miwani wala glavu yumo hatarini.

Madhara makubwa zaidi yako baharini. Matumbawe hai yakivunjwa kwa mitaimbo, samaki hupoteza mazalia na mawimbi hupiga ufukwe bila kizuizi. Kuni nazo hula misitu, mikoko ikiwemo. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, inalinda miamba na mikoko ya eneo hilo.

Mjenzi ana njia nyingine. Mawe ya matumbawe ya kale huchimbwa nchi kavu; udongo, fito na makuti bado hujenga nyumba yenye ubaridi. Saruji huzalishwa Mtwara kwenyewe, ingawa uzalishaji wake nao hutoa hewa ya ukaa. Mchanga wa ufukweni uepukwe kabisa: kuuchota humomonyoa pwani, na chumvi yake huozesha nondo ndani ya zege.