Tabaka pacha la umeme katika maji ya tope

Tabaka pacha la umeme ni mpangilio wa chaji unaojitokeza pale kimiminika kinapogusana na kitu kingine. Mkoani Songwe linafanya kazi kila msimu wa mvua ndani ya ndoo ya maji ya mto: mchanga hutuama upesi, lakini udongo wa mfinyanzi hubaki ukielea kwa siku nyingi. Wengi husema ni kwa sababu chembe zake ni ndogo mno. Udogo una nafasi yake, kwani chembe yenye kipenyo cha mikroni 1 huzama sentimita 8 hivi kwa siku. Hata hivyo, chembe hizo hugongana bila kukoma. Zingekuwa zinashikana, zingefanya mabonge na kuzama haraka. Kinachozizuia ni chaji hasi ya nyuso zake, ambayo huvuta ioni chanya kutoka majini. Ioni nyingine hung'ang'ania uso, nyingine hutanda kama wingu, jinsi walivyoeleza Gouy (1910), Chapman (1913) na Stern (1924). Mawingu mawili yakikaribiana, husukumana. Katika maji yenye chumvi kidogo sana wingu hufikia unene wa nanomita 10. Katika maji ya bahari halifiki hata nanomita 1, kwa hiyo chembe hukaribiana, hushikana na kuzama.

Shabu huyasafisha maji kwa sababu ioni yake ya alumini ina chaji tatu, na nguvu yake ya kugandisha tope hupita ya sodiamu mara mamia. Wapo wanaopinga: alumini hufanya pia utando unaozoa uchafu kuelekea chini. Ni kweli, ila mbegu za mlonge, ambazo nazo husafisha maji, hazitegemei utando huo. Protini zake zenye chaji chanya hunata kwenye udongo na kuifuta chaji hasi. Na zikizidi kipimo, chembe hugeuka kuwa chanya, zikasukumana upya, na maji yakachafuka tena. Nadharia ya utando pekee haielezi jambo hilo. (Maji yaliyotakata bado yanahitaji kuchemshwa, vijidudu havionekani kwa macho.)

Pingamizi zito zaidi ni Ziwa Rukwa, linalopokea maji ya mto Momba: lina chumvi, mbona bado ni la tope? Ziwa hilo ni la kina kifupi, na upepo huikoroga sakafu yake kabla mabonge hayajatulia. Isitoshe, chumvi yake ni ya magadi, yaani sodiamu, ioni dhaifu ya kugandisha, na ukali wa magadi huongeza chaji hasi kwenye kingo za udongo.