Kredo Zangu Zilikuwa za Nani?

Juzi nilijitoa kwenye huduma moja ya mtandaoni niliyokuwa nikiilipia kila mwezi. Ni huduma ya picha: unalipa, unapewa kredo kumi, na kila picha unayopakua inakula kredo moja. Kazi zilipungua, kredo zikajilimbikiza hadi 34, nikaona hakuna haja ya kuendelea kulipa. Nikabonyeza kitufe cha kujitoa. Ukurasa ukafunguka upya: Kredo 0.

Jamani! Mimi nilidhani ninakataa kulipa mwezi ujao. Sikujua ninarudisha na ya miezi iliyopita. Nikawaandikia, wakanijibu kwa adabu sana kwamba hayo yote yamo katika masharti niliyoyakubali siku ya kwanza. Ni kweli, yamo. Nani huyasoma?

Hasira ilipopoa nikaanza kuchimba historia yake, kwa sababu sisi waandika programu tuna mkono wetu humu. Katika hifadhidata, kila rekodi ya kredo lazima ining'inie mahali. Ukiitundika kwa mteja, mteja akijitoa kredo zake zinabaki. Ukiitundika kwa usajili, usajili ukifutwa kredo zote zinafutika nao, bila wewe kuandika hata mstari mmoja wa ziada. Nimewahi kumjengea mteja wa hapa Nairobi mfumo wa namna hii na, niseme ukweli, nilichagua njia ya pili kwa sababu ilikuwa rahisi. Hakuna aliyeniuliza.

Lakini wazo lenyewe ni la zamani kuliko hizi tovuti. Mwaka 1995 kampuni ya simu ya TMN huko Ureno ilianza kuuza huduma ya simu ya mkononi ya kulipia kabla, iliyoitwa Mimo, ambayo mtu aliweza kuijaza tena salio likiisha. Kabla ya hapo simu ya mkononi ilikuwa ya watu wenye mkataba na bili ya mwisho wa mwezi. Malipo ya kabla yaligeuza mambo: sasa mteja ndiye aliyeikopesha kampuni. Anatoa pesa leo, anapata huduma polepole. Na mkopo huo ulikuja na jambo ambalo mkopeshaji wa kawaida hawezi kulikubali, yaani tarehe ya deni kufa lenyewe.

Kwetu tulilipokea hivyo hivyo. KenCell na Safaricom ziliingia sokoni kwa kishindo mwaka 2000, na kadi za kukwangua zikafika hadi kioski cha mwisho kijijini. Tulibishana sana kuhusu nani anatoza kwa dakika na nani kwa sekunde, lakini ile tarehe ya mwisho wa kredo tuliiona kama hali ya hewa. Kampuni za simu, huku na kwingineko duniani, zilikuwa na sababu moja ya haki: namba ya simu inakalia nafasi kwenye mtambo, na laini iliyolala ni gharama. Sawa. Ila hiyo ni sababu ya kuichukua namba. Ni sababu gani ya kuchukua na pesa?

Jibu la swali hilo lilitufikia ndani ya simu ile ile, mwezi wa Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sijaona mfano ulio wazi kuliko huu popote. Chukua simu yenye kredo ya shilingi 100 na M-Pesa ya shilingi 100. Kwenye skrini ni tarakimu tu, na kwa mtambo ni rekodi mbili. Lakini ile ya M-Pesa ina shilingi 100 halisi zilizowekwa benki katika akaunti ya amana, chini ya mdhamini, kwa niaba yako. Kampuni haina ruhusa ya kuzitumia. Hata riba yake ilipelekwa kwenye kazi za hisani. Ile ya kredo haina shilingi yoyote iliyotengwa popote. Pesa yako iliingia kwa kampuni siku uliyokwangua kadi, na ulichobaki nacho ni ahadi. Ahadi ndiyo yenye tarehe ya kuisha.

Cha kuchekesha ni kwamba watu wenyewe walikuwa wameanza kuzichanganya mapema. Katika nchi kadhaa za Afrika, kabla ya huduma za pesa kwa simu, watu walitumiana kredo kama pesa: unamtumia mama kredo, yeye anamuuzia jirani, anapata unga. Walizitendea kama mali yao.

Sasa twende mtandaoni. Skype, iliyoanza mwaka 2003, iliuza salio la kupigia simu za kawaida. Ukikaa siku 180 bila kulitumia, linakufa. Kampuni ilishtakiwa Marekani, wakafikia maelewano mwaka 2009, na baada ya hapo salio lililolala likawa la kuamshwa badala ya kuzikwa. (Skype yenyewe ilizikwa Mei 2025.) Microsoft nao mwaka 2005 walileta pointi za Xbox 360, pointi 80 kwa dola moja. Jaribu kufanya hesabu hiyo kichwani ukiwa dukani! Pointi ziliuzwa kwa mafungu, kwa hiyo ulibaki na masalio yasiyonunua kitu. Waliziacha mwaka 2013 wakarudi kwenye pesa za kawaida.

Aliyeunganisha kredo na usajili hadi tukajua ladha yake ni Audible, wauzaji wa vitabu vya kusikiliza. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1995 na Don Katz, aliyekuwa mwandishi wa habari, na mwaka 2008 Amazon wakainunua kwa takriban dola milioni 300. Unalipa kila mwezi, unapata kredo moja, na kredo moja ni kitabu kimoja, kiwe cha saa tatu au cha saa arobaini. Mpango mzuri kwa msomaji wa vitabu vinene. Lakini kredo ina umri wa mwaka mmoja, na ukijitoa, zile ambazo hukuzitumia zinapotea palepale. Vitabu ulivyokwisha kununua vinabaki vyako. Ndiyo maana wateja wa zamani huwaonya wapya: tumia kredo zote kwanza, kisha ndipo ujitoe. Mlango wa kutokea umepitishwa dukani. Mwaka 2017 kesi ilifunguliwa California kuhusu kredo hizo, na nayo ikaishia kwenye maelewano.

Wahasibu wanalijua jambo hili vizuri na wana jina lake, brekeji: ile sehemu ya malipo ya kabla ambayo mteja hatarudi kuidai. Si hela ndogo. Best Buy, wauza vifaa vya elektroniki wa Marekani, waliingiza takriban dola milioni 43 za namna hiyo katika mwaka wa fedha wa 2006, kutokana na kadi za zawadi ambazo hazikutumika. Na kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018, inaeleza namna ya kuziandika: kampuni ikiweza kukadiria kiasi ambacho wateja hawatakidai, inakihesabu kuwa mapato polepole, kadiri wateja wengine wanavyotumia chao. Isipokuwa sheria ya nchi iseme pesa hizo ni za kukabidhiwa serikali. Kusahau kwako kumewekewa makadirio.

Sheria pia huweza kuzaa tabia hii bila kukusudia. Japani walipitisha sheria ya huduma za malipo mwaka 2009, ikaanza kazi 2010. Kampuni inayouza pointi za kulipia kabla, masalio yasiyotumika yakizidi yeni milioni 10, lazima iweke nusu yake kama dhamana. Nzuri sana. Lakini pointi zenye umri usiozidi miezi sita hazimo. Basi wenye michezo ya simu wengi wakafanya nini? Pointi zikapewa siku 180.

Na hapa nyumbani, Oktoba 2019, baada ya miaka ya manung'uniko na kesi iliyofikishwa kwenye baraza la rufaa la mawasiliano, Safaricom walileta bando za data zisizoisha muda. Zile zenye muda hazikuondoka, na kwa kila shilingi zinakupa data zaidi. Yaani tarehe ya kufa nayo ina bei, na angalau sasa unaiona kabla hujanunua.

Jumatatu nilifungua ule mfumo niliomjengea mteja wangu. Kuhamisha kredo kutoka kwenye usajili kwenda kwa mwenye akaunti ni kazi ya saa mbili, tatu nikijumlisha majaribio. Kabla ya kugusa chochote nikatafuta waliojitoa wakiwa na salio tangu tuanze, nikapata watu 212. Nikampigia simu bosi, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna yeyote kati yao aliyelalamika. Nikamwambia wanne.

Amesema tutaongea mwisho wa mwezi. Orodha ya majina ninayo.