Tarehe 4 Januari: mkutano uliokatazwa



Leo ni tarehe 4 Januari. Watoto wa shule mnaopenda siku za kuzaliwa, andikeni: siku kama hii, mwaka wa 1809, Louis Braille alizaliwa Ufaransa. Alijichoma jicho kwa chombo cha kazi cha baba yake akiwa mdogo, akawa kipofu; ndiye aliyetunga maandishi ya nukta ambayo vipofu husoma kwa vidole.

Kwetu Kongo ni siku ya mapumziko, Siku ya Mashahidi wa Uhuru. Kila mtu anajua kwamba watu walikufa. Wachache wanauliza fujo ilianzia wapi. Ilianzia kwenye mkutano.

Mwishoni mwa Desemba 1958, Lumumba alipotoka Accra, alifanya mkutano mkubwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Wiki moja baadaye ABAKO, chama cha Kasa-Vubu, kikataka kufanya wake pale YMCA, komini ya Kalamu. Wakubwa wa mji wakakataa. Lakini Jumapili ile, tarehe 4 Januari 1959, watu walikwisha kufika. Kasa-Vubu mwenyewe aliwaomba warudi nyumbani, hawakusikia. Wengine maelfu wakatoka kwenye uwanja wa mpira, wakaungana nao. Maduka yakavunjwa, askari wakapiga risasi. Serikali ya Wabeleji ilihesabu wafu 49. Wakongo wengi walisema wanazidi sana.

Tarehe 13 mfalme Baudouin akatangaza kwa radio kwamba Kongo itapata uhuru. Tangazo lilikuwa linatayarishwa tangu 1958, ni kweli. Lakini ona: waliokataa watu wakutane saa chache, siku tisa baadaye walitamka neno lilelile ambalo watu walitaka kulisema mkutanoni. Na Kasa-Vubu alikuwa gerezani.

Leo sheria ni nyingine. Katiba ya 2006, kifungu cha 25, inalinda mikutano ya amani isiyo na silaha. Kifungu cha 26 kinataka wenye kuandamana barabarani wajulishe serikali kwa maandishi. Kujulisha, si kuomba ruhusa. Mashefu, mnanisikia? Nanyi wajumbe wa kambi, mkitaka kudai maji au shule ya watoto, barua itaje siku, saa, njia na majina ya waandaaji, nanyi mbaki na kopi yenye mhuri. Leo ofisi zimefungwa. Iandikeni leo, muipeleke zikifunguliwa.