Mkono wa Gramafoni ya Zamani

Katika miaka ya 1950 Mwingereza aliyependa sana muziki, na mwenye fedha ya kutosha, hakwenda dukani kununua gramafoni nzima. Alinunua mota na sahani yake kwa kiwanda kimoja, mkono kwa kiwanda cha pili, kichwa cha sindano kwa kiwanda cha tatu, kisha akamwendea seremala amtengenezee sanduku la kuvitia vyote. Garrard 301, iliyotengenezwa mjini Swindon, iliuzwa kwa namna hiyo: chuma kizito, gurudumu la mpira la kusukuma sahani kutoka ndani, kasi tatu, basi. Mkono ulikuwa shauri la mnunuzi. Mimi ninayo moja ya mashine hizo, na niliipata haina mkono, ndiyo maana nimelazimika kuijua historia hii kuliko wanavyoona jamaa zangu kuwa ni lazima.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni: mkono upi ulio bora? Nimefikia kuamini kwamba swali hilo halina jibu, kwa sababu mkono hauwi bora peke yake. Huwa bora kwa sindano fulani, tena sindano yenyewe ina umri wake.

Chukua jiwe dogo, lifunge kwenye utepe wa mpira, ulining'inize. Ukiligusa litapanda na kushuka kwa mwendo wake lenyewe. Ongeza uzito wa jiwe, mwendo unakuwa wa polepole. Badala ya mpira huo tia mpira laini zaidi, mwendo unapungua tena. Mkono na kichwa chake ndio jiwe, na kijiti kinachobeba sindano, kilichoshikwa kwa mpira mdogo, ndio utepe. Santuri iliyopinda humnyanyua huyu abiria mara chache kwa sekunde, chini ya mara 5 hivi. Muziki, kwa upande wake, huanzia kwenye mitikisiko 20 kwa sekunde. Mwendo wa asili wa mkono lazima uangukie katikati, baina ya 8 na 12. Ukishuka chini mno, kila pindo la santuri hugeuka wimbi na sindano huogelea. Ukipanda mno, besi hunenepa na mkono hutetemeka pamoja na ngoma.

Hesabu yake si ngumu. Zidisha uzito unaohisiwa na sindano, kwa gramu, kwa kipimo cha ulaini ambacho mtengenezaji huandika kwenye karatasi ya kichwa. Tafuta kipeo cha pili cha jawabu. Kisha gawa 159 kwa namba hiyo. Tuseme mkono na kichwa ni gramu 40 na ulaini ni 8: utapata karibu 9, pazuri kabisa. Tia kichwa chenye ulaini wa 30 kwenye mkono mzito, jumla gramu 32, utapata 5 tu, na hapo ndipo santuri zilizopinda zinaposubiri. Kigeuze: mkono mwepesi na sindano ngumu, gramu 12 kwa ulaini wa 8, utapata 16. (Mnunuzi wa vichwa vya Kijapani aangalie: wengi wao hupima ulaini kwa mitikisiko 100 kwa sekunde, na namba yao huonekana ndogo kuliko ilivyo.)

Sasa tazama miaka. Mwaka 1959 kiwanda cha Ortofon cha Denmark kilitoa kichwa cha SPU, kizito na kigumu, zaidi ya gramu 30 pamoja na ganda lake, kinachoikalia santuri kwa gramu 3 hadi 4. Mwaka huo huo kule Sussex, Alastair Robertson-Aikman, mwenye karakana ya vifaa vya mifano midogo ya mitambo, alianza kuuza mkono alioutengeneza kwanza kwa matumizi yake mwenyewe. Rafiki zake wa kazi za sauti waliuona wakautaka. Karakana ilikuwa SME, na mkono ulikuwa 3012, wa inchi 12, bomba la chuma kisichoshika kutu. Viwili hivyo viliingiana kama pete na kidole.

Halafu mwaka 1964 Shure wa Marekani walileta V15, sindano laini iliyotaka gramu 1 hivi tu. Watu wakafurahi, na kwa haki, maana uzito mdogo hupunguza mkwaruzo. Lakini mikono mizito ikawa mizigo kwa usiku mmoja. SME wenyewe walipunguza gramu mwaka hadi mwaka, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 wakatoa mkono wenye bomba la titani, mwepesi kama unyoya. Haukupita muda, vichwa vigumu vikarudi katika fasheni, na katikati ya miaka ya 1980 kampuni ile ile ikaleta mkono wa magnesi, mnene na mgumu. Anayenunua leo mkono wa mwaka 1978 kwa ajili ya kichwa cha mwaka 1959 ananunua ugomvi, hata kama vyote viwili vilisifiwa sana kila kimoja kwa wakati wake.

Mashine nayo ina neno lake. Thorens TD 124 ya Uswisi, iliyotoka mwaka 1957, ni nzuri kwa anayependa kubadilisha, kwa kuwa kibao cha mkono hufunguliwa kwa skrubu na kuwekwa kingine. Ila sahani yake nzito ni ya chuma, na sumaku kali ndani ya vichwa kama SPU huvutwa nayo. Sindano hukandamizwa zaidi ya ulivyopima. Sahani ya Garrard ni ya alumini, haina vita na sumaku.

Urefu wa mkono nao una sababu. Mashine inayochonga santuri huenda mstari ulionyooka, mkono wetu huenda kwa upinde. Percy Wilson alilieleza jambo hili katika jarida la The Gramophone mwaka 1924, na Erik Löfgren akalipigia hesabu kamili mwaka 1938. Mkono wa inchi 12 hukosea pembe kidogo kuliko wa inchi 9, lakini ni mzito zaidi na wahitaji sanduku kubwa.

Kwangu mimi jambo lililokata shauri ni santuri za zamani za kasi ya 78. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri za zama zile hazichapwi tena. Moja ikikwaruzwa, imekwaruzwa. Mfuo wake wataka sindano pana karibu mara tatu kuliko ya santuri za kasi ya 33. Ukiweka sindano nyembamba, itazama hadi chini ya mfuo na kukuletea mchakato wa mchanga. Kwa hiyo nahitaji mkono ambao ganda lake hufunguliwa kwa kuzungusha kola, nitoe kichwa kimoja na kutia kingine bila bisibisi.

Nimechagua 3012 ya zamani, na vichwa viwili vya SPU, kimoja kwa kila aina ya santuri. Si rahisi kuupata: mwishoni mwa 2019 SME walitangaza kwamba hawatauza tena mikono peke yake, na tangu hapo hata ile iliyotumika imepanda bei. Sanduku la Garrard yangu, hata hivyo, lilitobolewa na mtu wa kabla yangu kwa mkono wa inchi 9. Sitalipanua tundu lile. Fundi seremala ameshapima ubao mpya wa mninga, sentimita kadhaa mrefu zaidi upande wa kulia.