Chogo: Kijiji cha Wazigua Waliorudi

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya historia ya sehemu zinazoizunguka shule yetu. Nimechagua Chogo, kijiji kidogo wilayani Handeni. Sisi wa zamani hatukufundishwa habari zake kwa sababu hakikuwapo. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 2003.

Ukivuka Mto Ruvu hapo Korogwe (vitabu huuita Pangani), unaiacha nyuma milima ya Usambara na mashamba ya mkonge. Hadi Handeni mjini ni kilometa 65 tu, lakini nchi inabadilika. Usambara hupata mvua nyingi. Uzigua hupata mvua ya kubahatisha, na masika yakikosa, mahindi hukaukia shambani.

Ukame wa namna hiyo ndio chanzo cha habari hii. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi ya Wazigua. Wakati huohuo Sayyid Said alikuwa akipanua mashamba ya karafuu Unguja, na watumwa walitakiwa kwa wingi. Wazee husimulia kwamba watu walijitoa wenyewe, au waliwatoa watoto wao, ili wapate chakula, wakiahidiwa kurudishwa. Walipakiwa majahazini, na wengine wakashushwa pwani ya Benadir huko Somalia, wakalimishwa mashamba ya watu.

Baadhi yao walitoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza kwa nia ya kurudi Uzigua. Hawakufika. Walikomea bonde la Mto Juba, wakafyeka misitu, wakalima, na wakakaa vizazi kadhaa bila kuiacha lugha yao. Nchi ya Somalia ilipoingia vitani mwaka 1991, wakulima hawa hawakuwa na bunduki wala ukoo wenye nguvu wa kuwakinga. Wengi walikimbilia Kenya, na kutoka huko maelfu walichukuliwa Marekani. Wengine walikuja Tanzania kwa vyombo vya baharini, wakawekwa kambi ya Mkuyu, Handeni, kisha wakapewa ardhi Chogo. Kufikia mwaka 2009 baadhi yao walikuwa wamekwisha kupata uraia wa Tanzania.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, ila nimeishi Dar es Salaam miaka mingi. Nilipofika Chogo nilimkuta bibi mmoja akipukuchua mahindi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," halafu akaendelea kwa Kizigua. Kilikuwa Kizigua kama cha marehemu bibi yangu! Nililidaka neno *mazi*, nikajua anazungumzia maji, mengine yalinipita. Akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe ni Mzigua wa wapi?" Niliona haya, ndugu zangu. Na huku kwetu bado wapo wanaowaita watu hawa "Wasomali".

Wanafunzi wa sasa mna nafasi ambayo sisi hatukuipata. Waliokuja kutoka Juba wakiwa watu wazima ni wazee sasa, na kila mwaka wanapungua. Likizo ikifika, pandeni basi pale Korogwe, mchukue daftari, mkawaulize majina ya koo zao na ya mababu waliozikwa kule. Mimi siku ile niliandika majina matano tu, jua likanichwea.