Mahali pa Kubadilishia Safari

Wazee wetu walisema, "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Maana yake ni kwamba mtu akiisha kutoka kwake, hata awe na cheo na mali, hana budi kutegemea njia, vyombo na wema wa watu wengine. Na katika safari nzima hakuna saa ambayo msafiri huwa maskini zaidi kuliko ile ya kushuka chombo kimoja na kutafuta kingine. Akiwa ndani ya gari la moshi au basi, ana kiti chake na ajua aendako. Akishuka tu, mzigo ni wake, jua ni lake na matope ni yake.

Katika insha hii tutatazama historia ya mahali hapo, yaani kituo ambapo watu huacha chombo kimoja na kupanda kingine. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo, lakini tutaona kwamba mji mzima waweza kupimwa kwalo.

Kwetu Afrika Mashariki, vituo vya zamani vya namna hii vilikuwa bandari. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Ujiji na Tabora ilifika Bagamoyo, na hapo mizigo ilitoka mabegani mwa wapagazi ikaingia katika majahazi ya kwenda Unguja. Wako wasemao kuwa jina la mji huo latokana na maneno "bwaga moyo", kwa sababu mpagazi alitua mzigo wake hapo akapumua. Safari za siku zile zilikuwa za wenye nguvu. Aliyechoka aliachwa nyuma.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Nyanza. Nairobi yenyewe ilizaliwa na reli hiyo, maana palikuwa mahali tambarare penye maji, pa kuwekea karakana na vifaa kabla ya kupanda milima. Mwaka 1934 mabasi ya abiria ya kampuni yalianza kazi mjini. Baada ya Uhuru watu wengi walihamia Nairobi, mabasi yakawa hayatoshi, na magari madogo ya watu binafsi yakaanza kuchukua abiria kwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Hiyo ndiyo asili ya jina "matatu". Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyapa ruhusa ya kufanya kazi hiyo.

Twaona basi kwamba kila chombo kilikuja kwa wakati wake, kikajiwekea kituo chake. Swali la jinsi abiria atakavyotoka katika kimoja na kuingia katika kingine halikuulizwa mapema. Kijana mwenye miguu myepesi alilijibu kwa kukimbia. Mzee, mama mwenye mtoto mgongoni, na mtu atumiaye kiti cha magurudumu hawakuwa na jibu.

Ili tuone jinsi swali hilo lilivyojibiwa kwingine, yatupasa kuvuka Bahari ya Atlantiki mpaka mji wa Curitiba, nchini Brazili. Huko, mwaka 1971, msanifu majengo aitwaye Jaime Lerner alifanywa meya. Mji ulikuwa ukikua upesi, wala haukuwa na fedha za kuchimba reli ya chini ya ardhi. Kwa hiyo mwaka 1974 Curitiba ilianza kutenga njia za katikati ya barabara kuu ziwe za mabasi peke yake. Mwaka 1980 nauli ilifanywa moja: abiria akiisha kulipa, aliweza kubadilisha basi katika vituo vikubwa bila ya kulipa tena. Jambo hili liliwafaa hasa maskini, ambao mara nyingi hukaa mbali na mji na huhitaji kupanda zaidi ya chombo kimoja.

Lakini kazi iliyoushangaza ulimwengu ilifanyika mwaka 1991. Vilijengwa vituo vya vioo vyenye umbo la bomba kubwa, na sakafu ya kituo ilikuwa sawasawa na sakafu ya basi. Abiria alilipa mlangoni, akangoja ndani, na basi likija lilishusha kibao kama daraja dogo, akavuka pasipo kupanda kidato hata kimoja. Penye ngazi za kuingilia kituoni paliwekwa lifti ndogo kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Hapo ndipo watu walipofahamu kwamba kilichomzuia mlemavu siku zote hakikuwa mwili wake tu, bali kidato cha basi. Na tena, kwa kuwa watu hawakulipia mlangoni mwa basi, basi halikukawia kituoni, hata wenye haraka wakapata faida.

Fikira hiyo ilisafiri. Ilifika Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, mwaka 2000, na mwaka 2016 ilifika Dar es Salaam. Huko mabasi yaendayo haraka yalianza kwenda kati ya Kimara na Kivukoni, na njia za awamu hiyo ya kwanza zina urefu wa kilometa 21 hivi. Majukwaa yake yameinuliwa yakalingana na sakafu ya mabasi. Na Kivukoni, kama jina lisemavyo, ni mahali pa kuvukia: abiria akishuka basi aweza kwenda kupanda pantoni ya Kigamboni iliyo karibu. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, nayo ilikuwa ya kwanza kupewa tuzo hiyo katika miji ya Afrika.

Hata hivyo, mwandishi wa historia hapaswi kusimulia sifa tu. Karakana ya mabasi hayo iliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa ziliponyesha, mto ulifurika, maji yakaingia karakana, na mabasi kadha yakaharibika. Safari za kupita bondeni zikasimamishwa zaidi ya mara moja. Kadhalika, mabasi yalipopungua, watu walisongamana vituoni, na jukwaa lililo sawa halimsaidii sana bibi kizee asiyeweza kusukumana na umati. Basi twajifunza kwamba kituo hakidumu kwa saruji peke yake. Chahitaji mabasi ya kutosha, fedha za matengenezo, na watu wakumbukao kwamba maji hayasahau njia yake.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2012 stesheni mpya ya reli ilifunguliwa Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, na mwaka 2017 reli mpya kutoka Mombasa ilianza kuchukua abiria. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na hii mpya milimita 1,435, wala gari la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Kwa hiyo atokaye Mombasa hushuka Syokimau na mizigo yake, akapanda chombo kingine ili afike katikati ya mji. Nasi tunayo Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 54 yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri wa umma. Sheria imekwisha andikwa. Kazi iliyobaki ni ya wajenzi.

Huenda baadhi yenu mnaosoma hapa mtakuwa wajenzi hao. Siku moja ukishuka kituoni, usikimbie kama wengine. Simama kando, umtazame mtu mmoja aendaye polepole kuliko wote. Hesabu vidato anavyopanda, mitaro anayoruka, na nauli anazolipa, mpaka atakapoketi tena. Ukiisha kuhesabu, utakuwa umejua la kuanza nalo.