Kivuli cha Lwanda, Maji ya Mahenge

Miaka ya 1980, kampuni ya Kul Graphics ya Nairobi ilitoa vijitabu vya katuni vilivyoitwa Pichadithi. Nyuma yake alikuwapo Terry Hirst, mchoraji Mwingereza aliyekuwa ameanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973. Safari hii aliwageukia kina Abunuwasi na Lwanda Magere, watu ambao mtoto huwasikia kwa bibi kabla hajakutana nao kitabuni.

Kisa cha Lwanda kina mtego kwa mchoraji. Shujaa huyo wa Wajaluo ana mwili wa jiwe, mkuki haumwingii. Maadui wanamwoza binti yao, na siku anapougua anamwambia mkewe achanje dawa kwenye kivuli chake. Kivuli kinatoka damu, siri imeshavuja: udhaifu wake uko kivulini. Msimulizi wa mdomo hukificha kivuli mpaka hapo. Mchoraji afanyeje? Mtu akisimama juani kivuli kipo, ukurasa hata ukurasa. Mwalimu mjanja akisomesha kisa hiki darasani angesimamisha somo kabla ya ugonjwa na kuuliza nani amekiona kivuli.

Tanzania nayo ilikuwa na wachoraji wake. Lakini Ndumilakuwili, mhusika wa katuni wa jarida la Sani, alikuwa wa kuchekesha mtaani, si wa darasani. Shuleni, imani na miujiza ya kale iliingia kwa mlango wa tamthilia: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, na maji yake ya Ngarambe, dawa ya wapiganaji wa Vita vya Maji Maji.

Maji hayo yalifika bonde la Kilombero. Mlimba ya leo, iliyomo bondeni humo, wengi huijua kwa stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ila bonde lilikuwa na habari zake kabla ya Wachina na mataruma. Tarehe 30 Agosti 1905, Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Wajerumani la Mahenge wakiamini risasi zitageuka maji. Walipukutishwa na bunduki za rashasha. Wakati huo Kiwanga, mtema, yaani chifu, wa Wabena wa bondeni, alikuwa upande wa Wajerumani.

Mwaka 1935 A.T. na G.M. Culwick walichapisha kitabu kuhusu Wabena hao, Ubena of the Rivers, chenye sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga. Ni hazina, ila imekaa kwa Kiingereza, na anayezungumza ni wa ukoo uliotawala.

Kijitabu cha picha cha bonde hili, kama kingetungwa, kingebanwa pale pale palipombana mchoraji wa Lwanda. Risasi ichorwe vipi? Kwa macho ya aliyenyunyiziwa dawa, katika fremu moja iwe tone la maji. Katika fremu inayofuata iwe risasi. Na askari wa Kiwanga wachorwe wapi, pembeni au katikati? Wapogoro, Wabena, Wandamba na Wambunga wanakaa dawati moja bondeni, kwa hiyo mwalimu atakayekifungua ajiandae kuulizwa.